Maji ya Moto ya Mama Godi

Nimestaafu kazi ya kuwapashia watu maji, ingawa magoti yangu yalitangulia kustaafu bila kuniaga. Vijana wa karakana mliniaga kwa keki na soda siku ile, mkaniomba niandike niliyoyaona kazini, nami nikajibu ndiyo kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa keki. Sasa nimekaa barazani kwangu mtaani Pasua, majirani wanauza nyanya na dagaa mbele ya mlango wangu, na sina kisingizio tena. Habari za vyeo na mishahara nitaziruka, kwa kuwa nazo ziliniruka mimi miaka yote. Nitaandika habari za mabomba.

Wengi wenu mnajua kwamba mimi si mtu wa mlimani. Wazazi wangu walitoka Singida kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa kule tambarare, na mimi nilizaliwa kwenye nyumba za kambi. Kule bomba lilipita juu ya ardhi, juani, na ukifungua maji mchana yanakuunguza. Tulikuwa tunakinga ndoo, tunaiweka kivulini yapoe, ndipo mtu anaoga. Kwa hiyo nilipopata kazi kwenye kampuni inayofunga mitambo ya maji ya moto ya jua, nikaambiwa kwamba huko juu kuna watu wanaomwita fundi kwa sababu maji yao hayaunguzi, nilidhani ni utani wa kumpokea mgeni.

Siku ya kwanza nilivaa suruali mpya ya jinzi na buti za kaka yangu, nikazijaza magazeti zisinivuke. Mwenye nyumba ya kwanza tuliyokwenda alimtazama fundi mkuu, akanitazama mimi, kisha akauliza, "Na huyu dada amekuja kupika?" Fundi mkuu alikuwa Barnaba, mtu wa Machame, mnene na mpole, na ndiye aliyenifundisha kazi hii yote. Akamjibu, "Amekuja kupanda paa. Nikipanda mimi, utahitaji paa jingine." Nikapanda. Nilitetemeka mpaka bati likawa linalia, lakini nilipanda, na yule bwana alikaa chini akinielekeza pa kukanyaga ingawa hajawahi kufika juu ya paa lake mwenyewe.

Barnaba alikuwa na begi la vifaa kama mafundi wote: spana za bomba, tepu nyeupe, brashi ya waya, na kipimajoto cha maziwa alichopewa na shemeji yake mfugaji. Lakini juu ya vifaa vyote aliweka taulo na kipande cha sabuni. Mteja akilalamika kwamba shawa haitoi maji ya moto, Barnaba hakufungua hata skrubu moja. Aliomba ruhusa, akaingia bafuni, akaoga. Wateja walishangaa. Wengine walidhani kwake maji yamekatwa, na mama mmoja alimpa na mafuta ya kujipaka kwa huruma.

"Mteja anakwambia maji ni ya baridi," alinieleza tukiwa njiani. "Hakwambii ni saa ngapi. Hakwambii nani ametangulia kuoga. Hakwambii anafungua koki ipi. Ukioga wewe, tena saa ile ile anayooga yeye, unayajua yote."

Hoteli moja ya wapanda mlima mjini ilitaka tuiuzie tangi kubwa zaidi, kwa sababu wageni walikuwa wanagombana. Barnaba alikwenda akaoga nao, maana yake chumba cha jirani, saa ile ile waliyoshuka. Akagundua kwamba kundi zima linarudi kutoka mlimani kwa pamoja, kila mtu akiwa na tope la wiki nzima, na wote wanafungua shawa kwa mpigo. Alimshauri meneja awe anaugawa msafara: nusu waende kuoga, nusu wapewe supu kwanza. Kampuni haikufurahi kupoteza tangi, lakini wageni walifurahi, na supu ile ikawekwa kwenye matangazo ya hoteli.

Mimi sikuufuata huo utaratibu. Barnaba alikuwa mwanamume, na mwanamume akiomba kuoga kwa watu anaonekana ana vituko. Mwanamke akiomba, maneno yanafika sokoni kabla taulo halijakauka. Nilizoea kuweka kiganja chini ya shawa, kuchovya kipimajoto cha maziwa kwenye ndoo, kisha kuendelea na yale ambayo na ninyi mnayajua. Je, koki ya kufungia imefungwa na mtu aliyekuwa anadeki? Je, kuna hewa ndani ya bomba? Je, koki ya kuchanganyia imekufa, ikawa inayasukuma maji ya baridi upande wa moto? Mara nyingi ni moja kati ya hayo matatu. Nilifanya hivyo miaka mingi na nikajiona mjanja kuliko taulo la Barnaba, mpaka nilipoitwa kule Mwika.

Mtambo wa Mwika tuliufunga wenyewe, mwezi wa pili, jua likiwa kali. Aliyetuagiza aliitwa Godlisten, kijana mkubwa wa nyumba ile, muuzaji wa vipuri vya magari Dar es Salaam. Alikuwa amemjengea mama yake mjane bafu la vigae ndani ya nyumba ya zamani, juu kabisa, karibu na mpaka wa msitu. Paa la nyumba lilikuwa la mbao za siku nyingi, tukaogopa kulitwisha mzigo. Tukaamua paneli ikae uani, upande unaopata jua la asubuhi, na tangi likae juu ya nguzo za zege. Godlisten akasema mbao zipo, tusinunue. Akachukua nyundo, akavunja meza moja ndefu iliyochakaa iliyokuwa nyuma ya zizi, akatukabidhi mbao zake tutengenezee miguu ya paneli. Mimi nilikulia kwenye miwa, sikujua meza ile ni ya nini. Mama yake, tuliyemwita Mama Godi, alikuwa amekaa kwenye kigoda akimenya ndizi, akatazama mpaka msumari wa mwisho ukang'oka.

Siku tulipomaliza maji yalitoka yakifuka. Godlisten alitupiga picha tukiwa tumesimama mbele ya paneli, mama yake katikati akiwa ameshika taulo jipya ambalo lilikuwa bado na karatasi ya dukani.

Mwezi wa nane akanipigia simu. Alikuwa amepanda nyumbani kwa msiba wa jirani, akaoga asubuhi.

"Aisee fundi, nimeoga barafu."

"Pole. Mara moja tu au kila siku?"

"Siku zote nilizokaa. Sasa sikiliza, mama fundi. Mama yangu miguu inamsumbua, daktari amesema asikae na baridi. Mimi na yeye tulikubaliana: anabaki Mwika kwa sharti la maji ya moto. Yakishindikana, anakuja kukaa na sisi Dar. Chumba nimeshakiandaa."

Nikamwahidi kwenda. Siku hizo kabla ya safari yoyote nilipita kwanza ofisini, kwa hiyo basi la kwenda Mkuu niliondoka nalo jua likiwa limeshapanda. Nilishuka Mwika, nikachukua bodaboda mpaka barabara ilipoishia, nikamalizia kwa miguu kati ya migomba. Nilipofika, ukungu ulikuwa umeshashuka kama kawaida ya kule mchana, na paneli yetu ilikuwa imekaa kimya, kioo safi kuliko madirisha ya ofisini kwetu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umekuja kufanya nini na baridi yote hii?"

"Nimekuja kuangalia maji ya moto. Godlisten amesema hayatoki."

"Godi naye," alisema, akanipakulia mtori, supu yao nzito ya ndizi na nyama, kabla sijatua begi. "Maji mbona ni mazuri tu."

"Wewe ukioga yanakuwaje?"

"Mazuri tu, mwanangu. Kula."

Nilichovya kipimajoto. Yalikuwa vuguvugu, ya kuoshea vyombo vya wali, si ya kuoshea sufuria ya nyama. Nikatoa hewa kwenye bomba, ikatoka hewa kidogo, nikaridhika. Nikamwambia angoje jua la kesho.

Jua la kesho lilikuja na Godlisten akamtuma binamu yake akaoge, naye akarudisha jibu kwamba ni barafu ile ile. Nikapanda tena, mchana tena, ukungu tena, mtori tena. Safari hii nilibadilisha koki ya kuchanganyia, nikavalisha bomba sponji mpya ya kutunza joto kuanzia tangini mpaka ukutani. Nilitoa kitu kizima, nikaweka kitu kizima, kazi ambayo kila fundi ameifanya na hakuna anayeiweka kwenye wasifu wake. Nikiwa naondoka niliona ubao mwembamba umefungwa kwa kamba ya mgomba kwenye ukingo wa chini wa paneli.

"Mama, hiki ni cha nini?"

"Cha kuzuia majani."

Juu ya paneli hapakuwa na mti wowote wa kudondosha majani. Lakini nilikuwa nimepigwa na baridi, na basi la kurudi lilikuwa karibu, nikaona sawa, ni majani.

Kilichonikera ni kwamba nyumba ya chini yake, umbali wa kuitana, ilikuwa na mtambo wa aina ile ile, wa kwetu huo huo, na watu wake walikuwa wanaoga mpaka wanafungua dirisha kutoa mvuke. Mlima mmoja, jua moja, fundi mmoja. Tena mtambo wa Mama Godi ulikuwa umefanya kazi vizuri kabisa toka mwezi wa pili mpaka wa saba.

Godlisten akapiga simu mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja. "Mama fundi, Krismasi tunapanda familia nzima. Nikikuta maji ya baridi, Januari mama anashuka na sisi. Hilo limeisha." Nikasubiri anigombeze. Wateja wa Dar wanajua kugomba. Wanaanza na mtambo, wanafika kwa fundi, wanamalizia na serikali. Huyu alikuwa mpole ajabu. Hakudai mtambo mwingine wala hakutaka nimtume fundi mwingine. Alinitakia hata siku njema.

Nilikosa raha. Mama Godi alikuwa amenilisha mara mbili, na mara zote mbili alinisindikiza mpaka kwenye njia, akitembea polepole kwa fimbo, akinionyesha kila kitu cha kwenye kihamba chao, shamba la ukoo, kana kwamba ananitambulisha kwa ndugu: mgomba huu aliupanda mama mkwe, ng'ombe huyu ni mjukuu wa yule, kaburi la mzee ni lile lenye maua. Nilimfikiria kwenye ghorofa Dar, feni linazunguka juu yake, anaangalia ukuta. Mimi ndiye ningekuwa nimempeleka, kwa kushindwa shawa moja.

Nikampigia Barnaba, aliyekuwa amestaafu zamani na anafuga kuku Machame. Nikamweleza yote, hewa, koki, sponji.

"Umeoga?" akauliza.

"Sijaoga."

"Sasa unanipigia simu ya nini?"

Akakata. Kesho yake niliweka taulo kwenye begi, nikaomba ruhusa ya kulala kazini, nikapanda Mwika.

Mama Godi alipoambiwa nalala, alibadilika uso. "Hapa kuna baridi sana, mwanangu." Nikamwambia nina sweta. "Kitanda cha wageni kina kelele." Nikamwambia nitalala nimetulia. Akakubali, kwa sababu mgeni hafukuzwi, lakini wakati wa chakula alikuwa ananitazama kama ninavyowatazama wakaguzi wa kampuni.

Asubuhi niliamka jua linachomoza. Mbingu ilikuwa nyeupe, ukungu haujashuka, mlima uko wazi mpaka juu. Nikachukua taulo langu, nikatoka kwenda kwanza kuangalia paneli. Paneli haikuonekana. Mahali pake palikuwa na kitu cheupe, na mbele yake Mama Godi amesimama juu ya kigoda, fimbo ameitupa chini, anasambaza kwa viganja viwili.

Nilisogea. Juu ya kioo chetu kulikuwa na chandarua kuukuu, na juu ya chandarua kulikuwa na kahawa, iliyomenywa na kuoshwa, bado na ngozi yake nyeupe, imetandazwa kutoka pembe hadi pembe bila kuacha hata nafasi ya kidole. Ule ubao wa kuzuia majani ulikuwa unaizuia isiteleze.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Karibu aanguke kutoka kwenye kigoda. "Marahaba. Umeamka mapema hivi?"

"Mama, hii ni kahawa."

"Ni kahawa, ndiyo."

"Kwenye paneli."

"Sasa ningeianika wapi? Kichanja si mlikivunja?"

Hapo ndipo nilipoelewa ile meza ndefu ilikuwa ni nini. Nilitazama miguu ya paneli. Alipiga mmoja kwa kiganja, taratibu, kama anayempapasa ng'ombe.

"Mbao ni zile zile," alisema. "Ninyi mmeongeza kioo tu. Na kioo ni kizuri, kinakaa na joto. Kahawa haijawahi kukauka vizuri hivi."

Nikakaa chini kwenye majani yenye umande, naye akanieleza huku anaendelea kusambaza, kwa sababu jua halimsubiri mtu. Godi alimwambia aing'oe mikahawa, miguu yake hairuhusu tena kuchuma na kubeba. Akamjibu ndiyo, kwa sababu alikuwa amekuja mbali na amechoka na safari. Kisha kahawa ikaiva.

"Ikishaiva unaiachaje? Marehemu aliipanda mwaka aliponioa. Nikae nimekunja mikono niitazame inadondoka chini?"

Kwa hiyo tangu mwezi wa saba alikuwa anachuma kidogo kidogo, anamenya kwa mashine ya mkono, anaianika jua likichomoza, na ukungu ukikaribia anaikusanya na kuificha chini ya kitanda. Mimi kila siku nilifika baada ya ukungu.

"Lakini mama, jua la asubuhi ndilo linalopasha maji."

"Najua. Si ndiyo maana naanika kwa juu? Kahawa inachukua la juu, maji yanachukua la chini. Jua ni la wote."

Nikamweleza, polepole, kwamba chini ya kahawa hakuna jua linalobaki. Kwamba maji ya usiku yanakaa kwenye tangi yakiwa ya baridi, yanasubiri asubuhi, na asubuhi inakwenda yote kwenye kahawa. Alinisikiliza mikono ikiwa imesimama hewani.

"Lakini yale maji wewe unayaogaje?" nikauliza. "Kila siku ulisema ni mazuri."

"Yale ya ukutani? Sijawahi kuyaoga. Nachemsha yangu jikoni, naogea kwenye beseni. Nilisema ni mazuri kwa sababu mmenipa."

Kisha niliona jambo linamwingia. Alishuka kwenye kigoda, akakikalia.

"Kwa hiyo Godi akioga baridi, nashuka Dar."

"Ndiyo, mama."

"Na baridi naileta mimi."

"Kila asubuhi."

Alijifunika uso kwa kanga. Nilidhani analia, na mimi nikaanza kuona macho yangu yanajaa, mpaka nikasikia kwamba anacheka, halafu kweli akalia. Nilimshika mkono. Ulikuwa unanuka kahawa mbichi, harufu kali yenye uchachu, na mpaka leo nikiisikia nakumbuka kile kigoda.

"Usimwambie Godi," alisema.

"Nitamwambia nini sasa? Anajua mimi ni fundi. Lazima nitaje ubovu."

"Taja mwingine."

Sikutaka kudanganya mteja. Lakini karakana yetu, mnaijua, nyuma kuna uwanja wa makaburi: paneli zilizooza mabomba ya ndani, zinasubiri gari la vyuma chakavu ambalo haliji. Nilimwomba msimamizi moja, nikamwambia ni ya majaribio, na kwa kweli lilikuwa jaribio. Gari la kampuni lililokuwa linakwenda Mkuu likaipandisha. Nikang'oa mabomba yaliyokufa ndani, nikaisimamisha kando ya ile nzima, nikaifungia ubao wa kuzuia majani kwenye ukingo wa chini. Mama Godi akaitandikia chandarua chake. Nikalala tena usiku ule kwenye kitanda chenye kelele.

Kesho yake, baada ya jua kufanya kazi bila mshindani, niliingia kwenye bafu la vigae na taulo langu, nikaoga. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuoga kazini. Maji yalikuwa yanaunguza kama ya kambi ya miwa, na nilikaa humo mpaka Mama Godi akabisha hodi kuuliza kama nimezimia.

Nikampigia Godlisten. "Tatizo limepatikana. Paneli ilikuwa inapigwa na kivuli asubuhi. Nimekiondoa."

"Kivuli cha nini? Pale hakuna mti."

"Cha asubuhi," nikarudia. "Kimeondoka."

"Una uhakika?"

"Nimeoga mwenyewe."

"Haya," alisema. "Haya, asante," kwa sauti ya mtu aliyepewa taarifa ya msiba. Kisha akaniomba niwepo siku atakayooga yeye, ili asiwe na shaka.

Nilipanda mkesha wa Krismasi, kwa basi la kwanza. Mkewe na watoto walikuwa bado wamelala. Kahawa ilikuwa chini ya kitanda, paneli zote mbili ziko wazi zinang'aa, na Mama Godi alikuwa amevaa kitenge kipya na hawezi kukaa. Godlisten alinipa shikamoo, akaingia bafuni. Tulisikia maji, na tangi lilikuwa limetunza joto la jana. Mvuke ukaanza kutoka chini ya mlango. Mama Godi alinibana mkono mpaka ukauma.

Akatoka taulo likiwa shingoni, akakaa kwenye ngazi ya jikoni. Nilisubiri furaha.

"Yanaunguza," alisema.

"Ndiyo."

"Imebidi niongeze ya baridi." Alijifuta uso muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Mama fundi, nikwambie ukweli? Nilikuwa naomba ushindwe."

Mama Godi alikuwa mlangoni na birika. "Unasemaje, Godi?"

Aligeuka, akakuta amesikia, na ikawa hawezi kurudi nyuma. "Mama, baba alianguka hapa uani mimi niko Dar. Nilifika nikakuta kaburi limeshachimbwa. Sasa simu ikilia nje ya saa zake, natafuta viatu hata kabla sijaona ni nani. Ningekuambia hivyo ungenicheka. Nikaona niseme maji."

"Ungesema unaogopa."

"Ningesema, ungekubali kuja?"

"Nisingekubali." Aliweka birika chini. "Lakini ningejua."

Mimi nilijifanya naangalia koki. Nililia, naandika wazi, na si kwa sababu ya mvuke. Miezi yote ile nilikuwa napima joto la maji, na mtu mwenye tatizo alikuwa upande wa pili wa simu akinitakia siku njema.

Mama Godi aliingia ndani. Tukasikia anaburuta kitu sakafuni. Akatoka na ungo uliojaa kahawa, akauweka mikononi mwa mwanawe mwenye taulo shingoni.

"Basi shika. Jua limetoka, kaanike."

Godlisten alitazama ungo. "Mama, hii kahawa imetoka wapi?"

"Kwenye mikahawa ya baba yako. Uliniambia niing'oe, nikakujibu ndiyo."

Akatazama uani, kwenye paneli ya pili, akaizunguka, akainama chini yake. "Mama fundi. Hii mbona haina bomba?"

"Hiyo ni ya kahawa," nikasema.

Akatazama ubao, chandarua, zile mbao alizozivunja kwa nyundo yake mwenyewe, na niliona anahesabu mambo kichwani mpaka akafika kwenye kivuli cha asubuhi. Akacheka mpaka kahawa ikamwagika, mama yake akamgombeza, akapiga magoti kuiokota punje kwa punje.

"Tandaza nyembamba," Mama Godi alimwambia. "Si hivyo. Hapo umerundika. Sasa nisikilize. Chumba chako cha Dar nitakuja kukiona. Kahawa hii ikikauka yote, nakuja nakaa na ninyi."

"Kweli, mama?"

"Nimesema. Ikikauka yote."

Akatandaza kwa uangalifu mkubwa, ulimi nje, kama mtoto anayepewa kazi ya wakubwa. Mama yake alisimama nyuma yake na fimbo, akimwonyesha palipobaki.

Mwezi wa pili alinipigia simu kuniuliza kahawa huchukua muda gani kukauka. Nikamwambia mimi ni fundi wa maji, amuulize mama yake. Akasema ameshamuuliza, na mama amejibu bado kidogo. Tangu hapo Godlisten akawa anapanda Mwika kila anapopata nafasi, kwenda kuigusa mwenyewe kwa mkono, na mpaka nilipostaafu ilikuwa bado haijakauka.